Yuniti ambayo haikutumika: mkakati wa miaka kumi wa nishati ukisomwa kutoka Mbeya

Shilingi 9,150. Mtu wa Mbeya aliye kwenye tarifu ya chini ya umeme atakwambia bila kupiga hesabu kwamba pesa hiyo inanunua yuniti 75. Jirani yake, wanayetenganishwa na ukuta tu, anaingiza 10,000 kwenye simu na kupata yuniti 28 na pointi kidogo. Nguzo ni moja, transfoma ni moja, na umeme ukikatika wote wawili wanatafuta mshumaa.

Mimi nimekuwa pande zote mbili za huo ukuta, na kwa muda mrefu nilidhani ni bahati tu. Baadaye nikaanza kufuatilia Mkakati wa Taifa wa Matumizi Bora ya Nishati, wa 2024 hadi 2034, nikagundua kuwa karibu kila kinachozungumzwa humo kwa lugha ya wizara kimo tayari kwenye ugomvi wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, wa nyumba ya kupanga. Kwa hiyo nitaanzia huko.

Bei za sasa zinatokana na utaratibu uliowekwa 2016. Mteja mdogo wa nyumbani, anayeitwa D1, analipa shilingi 100 kwa kila yuniti mradi asizidi 75 kwa mwezi. Akizidi, kila yuniti ya juu ni 350. Akiwa mtu wa kuzidi mwezi hadi mwezi anahamishiwa T1, ambako yuniti ya kwanza na ya mwisho zote ni 292. Juu ya hapo weka VAT asilimia 18, asilimia 3 ya nishati vijijini na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Mia moja inakuwa 122, na 292 inakuwa 356. Hapo ndipo 9,150 inapotoka.

Basi kaya inayotumia yuniti 70 na kaya inayotumia 90 haziachani kwa yuniti 20 tu, maana kwa T1 yule wa pili anaweza kulipa zaidi ya mara tatu kwa umeme wake wote. Kwa mtu aliyekaa karibu na huo mstari, balbu moja mbovu inaweza kuwa ndiyo iliyomvusha.

Kubana siyo kutumia vizuri

Maneno haya mawili yanachanganywa kila siku, hata redioni. Ukizima taa ukakaa gizani umebana. Ukiweka taa inayotoa mwanga ule ule kwa umeme kidogo, umetumia vizuri. La kwanza linakupunguzia maisha, la pili halikupunguzii kitu. Mkakati unahusu la pili, na ndiyo maana jina lake ni “matumizi bora” na si “matumizi kidogo”.

Chukua balbu ya zamani ya njano, ile ya wati 60 inayochoma vidole ukiigusa. Inawaka saa tano kila usiku kwa siku 30: yuniti 9, maana yuniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Ya LED ya wati 9, yenye mwanga wa karibu sawa, kwa saa zile zile: yuniti 1 na theluthi hivi, yaani 1.35. Hizo saba na ushee zilizobaki hazikuwa mwanga hata siku moja. Zilikuwa joto lililokuwa likipasha dari. Nyumba yenye balbu nne za aina hiyo inatupa yuniti 30 kwa mwezi, na kwa mtu wa D1 hiyo ni zaidi ya theluthi ya fungu lake lote la bei nafuu.

Kwa upande wa taa vita hivi tumeshavishinda kwa kiasi kikubwa. Pita soko la Mwanjelwa leo utafute balbu ya njano, utazunguka. Enaji seva zilikuja, nazo zikapitwa na LED, na hakuna aliyehitaji semina. Ghana walikwenda kwa nguvu zaidi: mwaka 2007, wakiwa kwenye uhaba mkubwa wa umeme, serikali yao iligawa bure balbu milioni 6 za kuokoa umeme, na mahitaji ya saa za jioni yakashuka kwa zaidi ya megawati 100. Hiyo ni zaidi ya mitambo yote ya bwawa la Mtera ikiwaka kwa nguvu yake yote. Hakuna aliyejenga bwawa.

Kwa mtu wa mipango huo ndio moyo wa jambo lenyewe: umeme uliookolewa unahesabiwa kama umeme uliozalishwa. Mkutano wa tabianchi wa Dubai wa 2023 uliliweka hilo kwenye ahadi, kwamba dunia iongeze kasi ya kuboresha matumizi ya nishati kutoka karibu asilimia 2 kwa mwaka hadi zaidi ya 4 ifikapo 2030.

Kwani si tuna Bwawa la Nyerere?

Swali hili nimelisikia mara nyingi, na ni swali halali. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Uwezo wa nchi kuzalisha sasa umepita megawati 4,000, na mwanzoni mwa 2025 mahitaji ya juu kabisa ya gridi yalikuwa kama 1,900. Ukiangalia namba hizo tu, mtu anayekushauri ubadilishe friji anaonekana hana kazi.

Lakini tazama maji. Mvua inayonyesha kwenye milima ya Kipengere na Uporoto inashuka Usangu, inapita kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali, inakusanyika kwenye ardhi oevu ya Ihefu, kisha inatoka kama Ruaha Mkuu. Ikifika Mtera inazungusha mitambo ya megawati 80. Ikishuka Kidatu inazungusha mingine ya megawati 204. Halafu inaungana na maji ya Kilombero kuingia Rufiji, na huko inazungusha mitambo ya Nyerere. Tone moja lililoanguka kwenye milima hiyo linaweza kufanya kazi mara tatu kabla ya kufika baharini. Tangu miaka ya 1990 mto huo huo umekuwa ukikauka kwa wiki kadhaa kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na ukame wa 2005 na 2006 ulipoishusha Mtera nchi iliingia kwenye mgawo ambao waliokuwa na saluni wakati huo hawajausahau. Megawati iliyoandikwa kwenye mtambo haina kazi kama hakuna maji ya kuusukuma. Yuniti usiyoitumia Februari ni maji yanayobaki bwawani hadi Oktoba.

Kisha kuna njia. Umeme unaofika Nyanda za Juu Kusini unasafiri mbali, na waya unakula nauli yake. Kanuni ya upotevu ni ngumu kidogo lakini inafaa kueleweka: ukiongeza mkondo kwenye waya ule ule mara mbili, upotevu hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Ndiyo maana saa moja usiku, kila mtu akipika na kupiga pasi, taa za mwisho wa laini zinafifia na friji linaguna bila kupoa. Nchi inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya umeme wake kabla haujafika kwenye mita ya mtu. Njia kubwa ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Kisada na Mbeya kwenda Tunduma na Sumbawanga inakusudiwa kupunguza hilo kwa upande wake, kwa sababu msongo mkubwa unasafirisha umeme ule ule kwa mkondo mdogo. Upande wa pili ni mimi na wewe kutovuta wote kwa mpigo.

Huku kwetu tatizo ni joto

Hapa ndipo ninapotofautiana na namna jambo hili linavyozungumzwa mara nyingi. Mazungumzo ya matumizi bora yanatawaliwa na kiyoyozi na friji, vifaa vya Dar es Salaam. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari. Juni na Julai mtu analala na blanketi mbili na soksi. Makete na Kitulo kunaanguka sakitu. Mtu wa huku hanunui baridi, anapewa bure hata asipoitaka. Anachonunua ni joto, na joto ndilo linalokula umeme kuliko kitu kingine chochote nyumbani.

Chukua ndoo ya lita 20. Maji ya bomba asubuhi ya Julai yako kwenye nyuzi 15 hivi. Kuyafikisha 45, ya kuoga bila kupiga kelele, kunahitaji yuniti 0.7. Hiyo ni sheria ya maumbile, haina punguzo, hita iwe ya Ulaya au ya mtaani. Watu watano, ndoo tano, siku 30: yuniti 105. Fungu la 75 limekwisha na hamjawasha hata taa. Watu wanalaumu mita, wanasema “hii LUKU inakimbia”, wakati mla umeme ni ile hita ya kutumbukiza iliyolala pembeni mwa ndoo ikionekana haina hatia.

Kuna yanayosaidia. Ndoo ikifunikwa inapoteza joto kidogo. Hita ya jua juu ya bati ina maana zaidi Mbeya kuliko pwani, kwa sababu kiangazi chetu cha baridi ndicho chenye jua kavu mchana kutwa. Cha kushangaza, hizo paneli nyeusi zenye tangi unaziona zaidi kwenye nyumba za wageni kuliko kwenye nyumba za watu. Bei ya kuanzia ndiyo inayokimbiza. Faida yake inakuja kidogo kidogo kwa miaka, na gharama yake inakuja yote siku moja.

Halafu maharage.

Watu wa mikoa mingine wanaijua Mbeya kwa maharage kabla hawajaijua kwa kitu kingine, na Uyole kuna kituo cha utafiti ambacho kimezalisha mbegu zake kwa miaka mingi. Lakini wachache wanajua kwamba Mbeya yenyewe ni mahali pabaya pa kuyachemsha. Kwa mwinuko wetu hewa ni nyepesi, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Njombe yanachemka chini ya hapo. Sufuria inatokota vizuri kabisa, mvuke umejaa jiko, lakini humo ndani hakuna joto ambalo mama wa Temeke analo kwenye sufuria yake. Kuongeza mkaa hakusaidii: maji yakishachemka hayapandi tena joto, yanakauka tu haraka zaidi. Kwa hiyo maharage yale yale yanakaa jikoni muda mrefu zaidi huku kuliko kule, na muda huo ni mkaa.

Na mkaa nao una hesabu yake iliyojificha. Tanuri la udongo la kawaida porini linageuza kilo tano hadi kumi za kuni kuwa kilo moja ya mkaa. Jiko la kawaida la bati nalo linafikisha kwenye sufuria karibu sehemu moja ya sita tu ya joto la huo mkaa, jingine linapasha jikoni na kuta. Zidisha hayo mawili utaona kwa nini zaidi ya asilimia 80 ya nishati ya Tanzania inatoka kwenye miti na bado chakula kinachelewa. Jiko banifu lililofinyangwa vizuri linaweza kukata mkaa kwa nusu. Hilo ni tanuru dogo la udongo tu, halina waya wala lebo, na kwa maoni yangu ni kifaa cha matumizi bora cha kwanza kwa umuhimu katika mkoa huu.

La pili ni jiko la presha la umeme, na hapa hofu ya watu inatokana na kuchanganya wati na yuniti. Dada mmoja wa jirani alilirudisha dukani baada ya kusoma “1000W” pembeni.

“Kaka, elfu moja! Taa yangu ni tisa.”

Nilijaribu kumweleza kwamba wati ni kasi ya kunywa, yuniti ni kiasi kilichonywewa. Jiko lile linanywa kwa pupa dakika kumi na tano, likishafika presha linajizima, linagutuka kidogo, linajizima tena. Kwa sababu limefungwa, mvuke unapandisha joto la ndani kupita nyuzi 110, kile hasa ambacho mwinuko wetu ulituibia. Sufuria ya maharage inaiva ndani ya saa moja kwa nusu yuniti hivi. Kwa D1 hiyo ni shilingi 61, kwa T1 ni 178. Hakunielewa siku hiyo. Alielewa mwezi uliofuata, alipoazima la shemeji yake akapika huku anaitazama mita.

Jambo hili linagusana na mkakati mwingine, wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Mei 2024, nao wa hadi 2034, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi jikoni. Watu wanaiona kama mipango miwili ya wizara moja inayogombania microfoni. Kwa kweli mmoja unahitaji mwingine. Ukihamisha mamilioni ya masufuria kutoka mkaani kwenda umemeni kwa majiko ya pleti yanayovuta wati 2,000 mfululizo, saa moja usiku transfoma za mitaa zitalipuka. Ukiyahamisha kwenda kwenye majiko ya presha, gridi ina nafasi ya kupumua.

Nyumba ya vyumba sita na mita moja

Nirudi kwenye ukuta niliouanza nao. Nilikaa miaka mitatu kwenye nyumba ya vyumba sita na mita moja. Kila mpangaji alitoa mchango sawa. Mmoja alikuwa na friji, mwingine na pasi tu na redio, mwingine alichemsha maji ya kuoga kwa hita asubuhi na jioni. Mimi nilikuwa na kompyuta na jagi la umeme, sitajitoa.

Tazama kinachotokea hapo. Nikinunua LED kwa pesa yangu, akiba inagawanywa kwa sita: napata shilingi moja kati ya kila sita nilizookoa. Nikichemsha maji mara mbili zaidi, gharama nayo inagawanywa kwa sita, nalipa moja tu. Kila mmoja akitumia akili yake vizuri kabisa, nyumba nzima inafanya ujinga. Na kwa kuwa vyumba sita kwenye mita moja haviwezi kukaa chini ya yuniti 75, wapangaji maskini kabisa, ambao kila mmoja peke yake angekuwa na haki ya bei ya shilingi 100, wote wanalipa 292.

Mwenye nyumba naye? Yeye ndiye anayechagua balbu, nyaya, bati lisilo na dari. Lakini bili si yake. Kila shilingi anayoweka kwenye silingibodi ya kuzuia baridi inamfaidi mpangaji, na kila shilingi anayoiacha mfukoni inamfaidi yeye. Nchi nyingi zilizojaribu mipango hii zimegonga ukuta huo huo, hata Ulaya. Hakuna tangazo la televisheni linaloweza kuumaliza, kwa sababu si tatizo la elimu. Mama mwenye nyumba wetu alikuwa anaelewa vizuri sana.

“Shikamoo mama. Tulikuwa tunaomba tufungiwe mita ndogo kila chumba.”

“Marahaba mwanangu. Nani atalipia?”

Tulikaa kimya. Mwisho tulichanga wenyewe, fundi akafunga mita sita ndogo za kusomea kwenye korido. Hatukubadilisha kifaa hata kimoja mwezi wa kwanza, lakini yule wa hita alianza kuchemsha nusu ndoo na kuchanganya, na mimi jagi langu nikaanza kulijaza kikombe kimoja badala ya kulijaza lote. Bei haikushuka hata senti, tulichopata ni kila mtu kuona chake. Ningekuwa na sauti kwenye utekelezaji wa mkakati huu, ningeanza na mita hizo kabla ya kitu chochote chenye skrini. Baridi isiyozuiwa nayo si suala la pesa peke yake: kila msimu wa Juni watu wa nyanda hizi wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga dirisha, na wengine hawaamki.

Vinu, mota na majani ya chai

Viwandani hesabu ni kubwa zaidi na lawama ni chache, kwa sababu mwenye kinu ndiye anayelipa bili yake.

Mashine ya kusaga yenye mota inayovuta kilowati 15, ikifanya kazi saa sita kwa siku, siku 300 kwa mwaka, inakula yuniti 27,000. Kwa T1, hata kabla ya kodi, hiyo ni karibu shilingi milioni 8 kila mwaka. Mota yenyewe ina bei mara moja, umeme wake una bei kila siku kwa miaka 15. Mota iliyo bora kwa asilimia 3 tu inarudisha zaidi ya 230,000 kwa mwaka. Lakini mota ikiungua Ubaruku katikati ya msimu wa mpunga, magunia yamepangwa hadi barabarani, nani atasubiri mota bora kutoka Dar? Anaitwa fundi wa kusuka, usiku huo huo inasukwa upya, asubuhi inanguruma. Ikisukwa kwa waya mwembamba kuliko wa mwanzo, au ikiwa kiini kiliunguzwa kwa moto mkali wakati wa kutoa waya wa zamani, inarudi ikiwa imepoteza asilimia moja au mbili na hakuna atakayejua. Itazunguka. Itapata joto kidogo zaidi. Itasukwa tena mapema.

Mambo haya ndiyo yanayotafutwa na ukaguzi wa nishati, ambao ni nguzo mojawapo ya mipango ya aina hii popote duniani: mtu anaingia kiwandani na kipimo, anafuata kila yuniti inapokwenda, anaondoka na orodha. Mara nyingi orodha hiyo inachosha kusoma. Mkanda umelegea, bomba la mvuke halijavikwa, hewa ya kompresa inavuja kwenye kiungo.

Kwenye viwanda vya chai vya Mufindi na Rungwe nishati kubwa hata si umeme. Majani mabichi kama kilo nne na nusu yanatoa kilo moja ya chai kavu. Tofauti hiyo, kilo tatu na zaidi, ni maji ya kufukuzwa kwa joto, na joto linatoka kwenye boila la kuni za mikaratusi. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Gogo lililonyeshewa likiingia tanuruni, sehemu ya moto wake inatumika kwanza kulikausha lenyewe kabla halijakausha jani hata moja. Banda la kuhifadhia kuni kwa miezi kadhaa, lenye paa na pande wazi, ni mradi kamili wa nishati. Yale mabani ya kukaushia tumbaku ya Chunya nayo yana somo lile lile, kwa ukali zaidi kwa sababu kuni zake mara nyingi hazikupandwa na mtu.

Kwa nini miaka kumi

Mtu akinunua friji leo, atakuwa nalo 2040. Nyumba inayojengwa Isyesye wiki hii itasimama kuliko mjenzi wake. Huwezi kuwanyang'anya watu vitu walivyonavyo, unachoweza ni kusimama mlangoni na kuamua nini kinaingia, halafu kusubiri vya zamani vife. Ndiyo maana mpango wa mwaka mmoja hauna maana hapa.

Kusimama mlangoni kuna njia mbili. Ya kwanza ni kizingiti: kifaa kinachokula kupita kiwango fulani hakiuzwi nchini, basi. Ghana walifanya hivyo na mafriji ya mtumba, wakayapiga marufuku kuingia kuanzia 2013. Ya pili ni lebo: kila kifaa kinabandikwa karatasi inayosema kinakula kiasi gani, mnunuzi achague. Kwetu kazi ya viwango ni ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Naamini kizingiti kuliko lebo. Lebo inamtaka mnunuzi awe na pesa ya ziada siku ile ile anayosoma, na awe ndiye atakayelipa umeme. Lakini kizingiti nacho kina ukatili wake: friji la mtumba la Mwanjelwa ndilo pekee ambalo muuza juisi anaweza kulimudu. Friji kubwa la zamani, raba ya mlango ikiwa imechoka, linaweza kula yuniti 2 kwa siku. Jipya la inveta linaenda na theluthi ya hapo. Ndani ya miaka miwili au mitatu atakuwa amelipa tofauti ya bei, ila hana hiyo miaka, ana Jumamosi hii. Pasipo mkopo mdogo unaolipwa taratibu, marufuku itamwondoa sokoni na kumwacha mwenye supamaketi.

Kuna onyo la zamani pia. Mwaka 1865 Mwingereza William Stanley Jevons aliona kwamba injini za mvuke zilivyozidi kutumia makaa vizuri, ndivyo Uingereza ilivyozidi kuchimba makaa, kwa sababu kila mtu sasa alitaka injini. Nilimfikiria nilipoona nyumba moja mtaani imezungushiwa LED kumi na mbili nje, zinawaka hadi asubuhi. Hata hivyo kwa nchi kama yetu sioni ubaya mkubwa. Kama muuza juisi anaokoa yuniti 40 na kuzitumia kuwasha blenda ya pili, mita itasema hakuna kilichookolewa, lakini yeye anauza juisi mara mbili. Ndiyo maana wapimaji wa mipango hii hawaangalii jumla ya nishati peke yake, wanaangalia nishati iliyotumika kwa kila shilingi ya pato.

Wiki iliyopita nilipita duka moja la vifaa vya umeme kuulizia friji. Jipya, bado na povu kwenye pembe. Kwenye mlango lilikuwa na lebo ya nyota, ya nchi nyingine, inayoonyesha yuniti kwa mwaka. Niliinama kuisoma, kijana wa duka akadhani naikagua kasoro.

“Hiyo stika usijali, kaka,” akasema, akaingiza ukucha chini ya kona yake. “Huwa tunabandua. Wateja wanadhani friji limeshatumika.”